Pima Mashine, Usipime Mkanda Mzee

Mashine ya kusaga mahindi ikianza kunuka mpira ulioungua, na mkanda ukapiga kelele kila nafaka inapomiminwa kwa wingi, wengi huuvua mkanda huo, wakaenda nao dukani na kusema: nipe kama huu. Inaonekana ni busara, maana sampuli iko mkononi. Lakini mkanda uliochakaa ni shahidi mbaya wa kipimo chake mwenyewe. Kipimo cha mkanda mpya kinapaswa kutoka kwenye puli na umbali ulio kati ya shafti, na mkanda wa zamani ubaki kuwa kidokezo tu.

Sababu iko katika namna mkanda wa V unavyofanya kazi. Haushiki puli kwa tumbo, unashika kwa mbavu. Ukikazwa hujipenyeza ndani ya mfereji wa puli kama kabari, na kwa pembe ya digrii 34 hadi 38 mshiko wake hufika karibu mara tatu ya ule wa mkanda bapa wa mpira uleule. Kwa hiyo upana ni jambo la kwanza: aina ya A ina milimita 13 mgongoni na kina cha 8, B ina 17 kwa 11, na C ina 22 kwa 14. Sasa tuseme mbavu za B zimelika, upana umepungua kwa milimita moja tu. Mkanda utazama milimita 1.5 hivi katika kila puli, na ulegevu utakaotokea ni karibu milimita 9. Mwenye mashine atasema mkanda umerefuka na kuomba ulio mfupi zaidi, ilhali nyuzi zilizo ndani yake huenda hazijavutika hata kidogo. Kilichopungua ni upana.

Kupima mashine hakuhitaji zaidi ya futi na kikokotoo. Chukua mota yenye puli ya milimita 300 inayozungusha puli ya kinu ya 150, umbali kati ya shafti ukiwa 700. Zidisha umbali huo kwa mbili: 1,400. Jumlisha vipenyo viwili na uzidishe kwa 1.57: 707. Chukua tofauti ya vipenyo, izidishe kwa yenyewe, kisha igawanye kwa umbali mara nne: 8. Jumla ni milimita 2,115. Vipenyo hivi ni vya mstari zinapopita nyuzi za mkanda. Kwa aina ya B, ukipima puli kwa nje, toa milimita 7. Namba iliyoandikwa kwenye mkanda wa B nayo huhesabu inchi za mzunguko wa ndani, ulio mfupi kwa milimita 40 hivi kuliko mstari huo. Tunabaki na 2,075, sawa na inchi 81.7. B82 inatosha, na ziada yake inamalizwa kwa kusogeza mota milimita 4 kwenye reli. Lakini anayezungusha futi kwenye mgongo wa B82 hiyohiyo atasoma karibu inchi 85. Akirudi na B85, mota itabidi irudi nyuma zaidi ya milimita 40, na reli nyingi fupi hazina nafasi hiyo.

Mtu atasema namba imeandikwa mgongoni, hesabu za nini? Ikisomeka, isaidie, ila inaeleza tu kile aliyetangulia alichonunua, na puli huenda zimebadilishwa tangu hapo. Mwingine atasema dukani hakuna B, A itafaa. Mkanda wa A huzama karibu milimita 6 ndani ya mfereji wa B. Ukilika kidogo, tumbo linagusa chini na ile kabari inapotea. Wa tatu atasema mkanda ukilegea kazeni tu. Kukaza kupita kiasi huhamishia mzigo kwenye beringi, ambazo ni ghali kuliko mkanda. Hoja yenye uzito ni ya gharama: kwenye mashine yenye mikanda mitatu, kwa nini kuibadilisha yote wakati mmoja tu umekatika? Kwa sababu ile miwili imeshazama, basi mpya utabeba mzigo wa wote na kufuata njia ileile mapema.

Zaidi ya hayo, anayepima puli anaziona. Mfereji ambao kuta zake zimebonyea, au chini yake pameng'aa kwa kusuguliwa, utaula mkanda wowote utakaowekwa, na hilo muuza duka hawezi kuliona kwenye sampuli. Njia rahisi ni kuandika kwa rangi kwenye fremu ya mashine aina ya mkanda, vipenyo vya puli na umbali wa shafti, ili yeyote atakayetumwa dukani aende na namba za mashine.