Matone Haya si Yale



Kila kampeni ya chanjo ya polio inapopita mitaani mwetu, wahudumu wa afya hupiga hodi nyumba hadi nyumba, na mara nyingi mama huwajibu akiwa mlangoni: "Huyu alishapewa kliniki, na kijitabu chake hiki hapa. Kwa nini tena?" Wengine husema hivyo kwa kuchoka, wengine kwa shaka. Sisi hatuoni vyema swali hili lipuuzwe. Mtoto ni amana, na aliyekabidhiwa amana ana haki ya kuuliza. Jibu lake limo katika tabia moja ya virusi: kila vinapojizalisha, hukosea.

Tuangalie chuoni. Mtoto anaponakili somo lake ubaoni, mwalimu hulipitia, na herufi iliyokosewa hufutwa ikaandikwa upya. Chembe hai za miili yetu, kwa qudra yake Mwenyezi Mungu, nazo zina msahihishaji wa namna hiyo kila zinaponakili maumbile yao. Kirusi cha polio hakina. Maumbile yake ni mfano wa maandishi ya herufi 7,400 hivi, na kwa wastani kila nakala mpya hutoka na kosa kama moja. Chembe moja ya utumbo iliyoambukizwa huweza kutoa maelfu ya nakala. Makosa mengi hayana athari, au hukidhuru kirusi chenyewe. Lakini nakala zikiwa nyingi mno, hutokea kosa likakipa nguvu, na chenye nguvu ndicho kinachoenea.

Makosa haya yana kadiri yake. Katika sehemu moja ya maumbile inayohusu ganda la nje, yenye herufi 900 hivi, hubadilika takriban herufi 1 katika kila 100 kwa mwaka. Kwa hivyo wataalamu wa maabara huyahesabu makosa na kukadiria ni muda gani kirusi kimekuwa kikizunguka kabla ya kugunduliwa.

Sasa turudi kwenye matone. Ndani yake mna kirusi hai kilichodhoofishwa, njia iliyoasisiwa na daktari Albert Sabin. Kirusi hicho hukaa utumboni kwa wiki chache, kikaufunza mwili kujikinga, kisha kikatoka na choo. Ni nadra mno kumdhuru anayepewa. Panapokuwa na watoto wengi waliochanjwa, hakipati pa kwenda, kikaishia hapo. Panapokuwa na wengi wasiochanjwa, hupita kutoka mtoto hadi mtoto, miezi na miaka, kikikusanya makosa, mpaka yale mabadiliko machache yaliyokidhoofisha yakatoweka, na uwezo wa kupoozesha ukarejea.

Hatulifichi jambo hili, kwa kuwa ukweli uliofichwa ndio unaozaa uvumi. Afrika ilitangazwa kuwa huru na polio ya asili mnamo Agosti 2020, lakini kirusi hiki kilichobadilika kilipatikana katika maji taka ya Eastleigh, Nairobi, mwaka 2018, na mwaka 2023 kikaonekana tena katika Kaunti ya Garissa. Nafasi yake hakikuipata kwa mtoto aliyechanjwa. Kiliipata kwa wale waliokosa. Kila mtoto asiye na kinga ni ubao mtupu, na kirusi huandika hapo bila mwalimu wa kukisahihisha.

Kuna jambo jingine ambalo wengi wetu hatukuelezwa. Polio ina aina tatu. Aina ya pili ya asili ilitangazwa mwaka 2015 kuwa imetokomezwa duniani, na Aprili 2016 ikaondolewa katika matone ya kawaida. Kwa hivyo matone ya kliniki, yanayotolewa mtoto anapozaliwa na katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14, yamebeba aina ya kwanza na ya tatu peke yake. Sindano ya wiki ya 14 ina aina zote tatu na humkinga mtoto asipooze, ila haizuii vyema kirusi kukaa utumboni na kuwafikia wengine.

Na kirusi kilichogunduliwa Eastleigh na Garissa ni cha aina ya pili. Kampeni za kukikabili siku hizi huleta matone mapya ya aina hiyo, ambayo Shirika la Afya Duniani liliyaidhinisha kwa matumizi ya dharura mnamo Novemba 2020. Maumbile yake yamepangwa upya ili iwe vigumu zaidi kwa kirusi kukosea njia ya kurudia ukali wake. Basi mama anayesema mtoto alishapewa yuko sahihi, lakini matone haya si yale.

Na ipo rehema katika habari hii. Homa ya mafua hubadilisha ganda lake hata chanjo yake hulazimika kuangaliwa upya kila mwaka. Polio, pamoja na makosa yake yote, haijaweza kubadili ganda lake kiasi cha kuikwepa chanjo. Kinga tuliyo nayo ingali inafanya kazi, ila kwa sharti kwamba iwafikie watoto wote.

Mtume wetu (s.a.w.) alitufunza kumfunga ngamia kisha kutawakali. Kwa hivyo, akina mama na akina baba, tuvitazame vijitabu vya watoto wetu wiki hii, tukamilishe kilichosalia, na mhudumu akibisha hodi tumuulize ameleta matone ya aina gani. Akishatujibu, tumfungulie mlango. Mtoto wa jirani aliye mchanga mno, ambaye bado hajatimiza chanjo zake, kinga yake huanzia kwa wetu.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie watoto wetu. Wabillahi tawfiq.