Je, Wajua? Jua Nalo Huzunguka

Tumezoea kusema kwamba sayari hulizunguka Jua, nalo limetulia tuli katikati. Kwa kweli, Jua na sayari zake zote huzunguka kitovu kimoja cha uzito, kwa sababu kama Jua linavyoivuta sayari, ndivyo sayari nayo inavyolivuta Jua. Mtu atauliza: Jua lina zaidi ya asilimia 99 ya uzito wa mfumo mzima, litayumbishwaje? Jibu liko kwenye umbali. Uzito wa Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote, haufiki hata sehemu moja kwa elfu ya uzito wa Jua, lakini sayari hiyo iko umbali wa kilomita milioni 778. Ukipiga hesabu, kitovu chao kinaangukia kama kilomita 742,000 kutoka kiini cha Jua, ilhali uso wa Jua uko kilomita 696,000 tu. Kitovu kiko nje ya Jua lenyewe!

Wala hizi si hesabu za karatasini tu. Mwaka 1995, Michel Mayor na Didier Queloz waligundua sayari ya nyota 51 Pegasi bila kuiona, kwa kupima jinsi nyota hiyo inavyoyumba. Ugunduzi huo uliwapatia Tuzo ya Nobel mwaka 2019. Basi ni haki kusema Jua ndilo linalotawala mwendo wa sayari, lakini si haki kusema halisogei.