Watumwa wa Boma na Sikukuu ya Gangneung

Wako watu wadhanio kwamba mila ni mambo ya wazee wasio na shughuli, na kwamba taifa likitaka kwenda mbele sharti lizitupe mila zake njiani, kama mpagazi aliyechoka atupavyo mzigo. Sisi hatukubaliani nao. Leo twaleta ushahidi wetu kutoka mbali, katika mji wa Gangneung, nchini Korea Kusini, ambako wananchi hukusanyika kila mwaka kuisherehekea sikukuu ya Dano. Tumeuchagua mji huo kwa sababu habari zake zafundisha jambo moja kubwa: kwamba hazina ya taifa si lazima itunzwe na mabwana. Mara nyingi hutunzwa na wale ambao mabwana hawakuwahesabu kuwa watu.

Gangneung uko katika pwani ya mashariki, jimbo la Gangwon. Mbele yake ni bahari, na nyuma yake imesimama safu ya milima ya Taebaek. Zamani msafiri aliyetaka kwenda Seoul hakuwa na budi kuupanda mlima na kuupita mlango wa Daegwallyeong, wenye kimo cha mita 832. Ilikuwa njia ya theluji na ya simbamarara. Basi si ajabu kwamba watu wa mji walimwomba mlinzi wa mlima awape safari ya salama, mavuno mema na bahari iliyotulia. Maombi hayo ndiyo kiini cha sikukuu. Kilele chake ni siku ya 5 ya mwezi wa 5 kwa hesabu ya mwezi mwandamo, ambayo aghalabu huangukia Juni. Si jambo lililozuliwa jana: mwandishi Heo Gyun alieleza jinsi alivyoiona mwaka 1603.

Matayarisho huanza mwezi mzima kabla, na huanza kwa mchele. Wananchi huleta mchele wao, kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake, na mchele huo hupikwa pombe ya tambiko. Mahali inapopikiwa pastahili kutazamwa sana. Ni Chilsadang, jengo la kale la serikali, ambamo wakuu wa wilaya walifanyia kazi zao katika enzi ya ufalme wa Joseon. Zamani mkulima aliuona mchele wake ukienda bomani kwa jina la kodi. Leo aupeleka mwenyewe kwa hiari, na siku za sikukuu zikifika pombe hiyo hugawiwa watu wote. Wahenga wetu walisema haba na haba hujaza kibaba. Huko Gangneung methali hiyo haisemwi kwa Kiswahili, lakini hutendwa kila mwaka. Kwa mchele huo mtu hupata haki ya kusema: sikukuu hii ni yangu, nami nimeichangia.

Siku ya 15 ya mwezi wa 4 watu hupanda Daegwallyeong. Huko husaliwa mzimu wa mlima, ambaye kwa imani ya wenyeji ni Kim Yusin, jemadari wa ufalme wa kale wa Silla. Husaliwa pia mlinzi wa mji, Beomil, mtawa wa Kibuddha wa karne ya 9. Kisha mti huchaguliwa, hukatwa, hufungwa vitambaa vya rangi nyingi, na huletwa mjini kwa ngoma na matari. Hadithi yasema kwamba mlinzi huyo alimtuma simbamarara amchukue binti wa ukoo wa Jeong awe mkewe, na siku hiyo ndiyo ya harusi yao. Kwa hiyo mti hupelekwa kwanza katika hekalu la mke, nao hukaa pamoja mpaka karibu na siku kuu, ndipo wote wawili huchukuliwa hadi uwanja wa kando ya mto Namdaecheon. Hapo wazee waliovaa kanzu za Kikonfusio husoma maombi kwa utulivu, na waganga wa tambiko, wengi wao wanawake, huimba na kucheza kutwa. Dini tatu zakutana katika uwanja mmoja, wala hazigombani. Sherehe ikiisha, mlinzi huagwa, na maua ya karatasi na mapambo ya tambiko huchomwa moto.

Lakini mambo ya mizimu si yote. Katika siku hizo wanawake huosha nywele kwa maji yaliyochemshwa mmea uitwao changpo, wapate nywele nzuri na kuepushwa na maradhi. Hupanda pembea ndefu zinazowarusha juu mpaka mtazamaji ashikwe na kizunguzungu. Wanaume hupigana mieleka ya ssireum: kila mmoja hufungwa kitambaa kiunoni na pajani, mwenzake hukishika, na atakayetangulia kugusa mchanga kwa goti au kwa sehemu yo yote ya mwili iliyo juu yake ndiye aliyeshindwa. Zamani zawadi ya bingwa ilikuwa fahali. Tukumbuke kwamba fahali kwa mkulima si pambo, bali ni jembe la miguu minne. Pembeni hutandikwa soko kubwa, na watu hula mikate ya mchele iliyochanganywa majani ya mwituni.

Sasa twafika penye jambo tulilolikusudia hasa. Katika sikukuu hiyo huchezwa mchezo wa vinyago uitwao Gwanno gamyeongeuk, na maana ya gwanno ni watumwa wa boma. Ndio waliokuwa wachezaji wake. Walikuwa mali ya serikali: walifagia, walibeba, walitumwa, na daftari la boma liliwaandika kama lilivyoandika farasi. Sikukuu ilipofika waliitwa wawachezee wakubwa.

Mchezo wenyewe ni huu. Kwanza huingia vikaragosi wawili wenye matumbo makubwa, wamening'iniza mwani na masuke ya nafaka, nao huufagia uwanja kwa matumbo yao. Kisha huja kabaila mwenye kofia ndefu na ndevu ndefu, ampendaye msichana aitwaye Somae Gaksi. Wakiwa wanacheza pamoja, huingia watu wawili wenye vinyago vya kutisha na panga za mti, humvuta msichana kwa nguvu na kumtenga na mpenzi wake. Kabaila, badala ya kumhurumia, amshutumu kwamba amekosa uaminifu. Msichana hana njia ya kujitetea. Azishika ndevu za bwana, azizungusha shingoni mwake, na kujinyonga nazo. Watu huomba mbele ya mti wa mlinzi, msichana afufuka, na wote hucheza pamoja hadi mwisho.

Katika Korea iko michezo mingi ya vinyago, na mingi imejaa matusi na kejeli za maneno makali kwa makabaila. Huu wa Gangneung peke yake hauna maneno. Tangu mwanzo hata mwisho hakuna mchezaji afunguaye kinywa. Sisi twaona kwamba ukimya huo una maana. Mtumwa aliyesimama mbele ya bwana wake, katika ua wa boma, angeweza kusema nini? Neno moja lingemletea viboko. Lakini hapana sheria iliyoweza kumkataza kutembea kwa maringo kama atembeavyo kabaila, wala kuzionyesha ndevu za heshima zikigeuka kitanzi cha asiye na hatia. Wakubwa walicheka. Hatujui kama waliona kwamba wanajicheka wenyewe.

Utumwa ulifutwa na sheria mwaka 1894. Miaka 16 baadaye nchi nzima ilitiwa utumwani, kwa maana Japani iliitwaa Korea mwaka 1910 ikaitawala hadi Agosti 1945. Wasomaji wetu hawahitaji kufafanuliwa sana tabia ya mkoloni. Yeye hatosheki na ardhi na jasho. Hutaka na ulimi pia. Mwishoni mwa miaka ya 1930 lugha ya Kikorea iliondolewa shuleni, na mwaka 1940 watu walishurutishwa kujiandikisha kwa majina ya Kijapani. Katika hali hiyo mchezo wa vinyago wa Gangneung ulinyamaza. Vinyago vilitoweka, na kilichobaki kikabaki katika vichwa vya watu waliouona walipokuwa watoto.

Baada ya ukombozi nchi ilikatwa vipande viwili, na vita vya mwaka 1950 hadi 1953 viliua mamilioni. Ungedhani kwamba watu waliokosa nyumba na chakula wasingekumbuka vinyago. Walakini mnamo miaka ya 1960 mtaalamu wa mila, Im Dong-gwon, alikwenda Gangneung akawakuta wazee wachache sana waliokuwa wakiukumbuka mchezo. Aliwauliza na kuandika. Lau angechelewa miaka kumi pengine asingemkuta mtu wa kumwuliza. Mwaka 1967 sikukuu hiyo iliandikwa katika daftari la serikali kuwa Mali ya Utamaduni nambari 13. Daftari lile la kwanza liliwaandika watumwa kuwa mali ya boma. Hili la pili liliiandika kazi yao kuwa mali ya taifa.

Sheria iliyowezesha jambo hilo ilitungwa mwaka 1962. Kwa mujibu wake serikali haihifadhi majengo na vyombo tu, bali humtambua mtu mwenyewe aliye na ujuzi, humlipa posho, na humpa wajibu wa kuwafundisha vijana. Yafaa tukumbuke kwamba mwaka huo huo wa 1962 Mwalimu Nyerere aliunda hapa kwetu Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Nchi mbili zilizokuwa mbali sana zilifikia fikira moja katika mwaka mmoja, kwa sababu zote mbili zilikuwa zimetoka mikononi mwa mkoloni na zilijua alikuwa amechukua nini.

Lakini tusimtupie mkoloni kila lawama. Katika miaka ya 1970, wakati wa kampeni ya Vijiji Vipya iitwayo Saemaul Undong, serikali hiyo hiyo ya Korea Kusini iliendesha vita dhidi ya ushirikina. Mizimu ya vijiji vingi ilibomolewa, na waganga wa tambiko walisumbuliwa na polisi. Mkono mmoja uliandika mila katika daftari, na mkono wa pili ulizing'oa vijijini. Twasema wazi kwamba maendeleo si kosa. Barabara, maji na mapaa ya nyumba yalihitajiwa. Kosa ni kudhani kwamba mkulima hawezi kupata bomba la maji mpaka kwanza aone haya kwa ajili ya nyimbo za mama yake.

Mwaka 2005 shirika la UNESCO liliitangaza sikukuu ya Gangneung kuwa urithi wa wanadamu wote. Tangazo hilo liliwaudhi watu wengi katika China, ambako siku hiyo hiyo ya 5 ya mwezi wa 5 husherehekewa kwa mashindano ya mashua za joka. Walisema wameibiwa. Lakini tarehe haiibiwi. Mashua za joka ni za China, nazo ziliandikwa na UNESCO mwaka 2009. Vinyago vya watumwa wa boma ni vya Gangneung. Majirani waweza kuchota katika kisima kimoja, na kila mmoja akapika chakula chake.

Na ushahidi ulio bora ulipatikana katika bahari yetu wenyewe ya Hindi. Mwezi wa Novemba 2018, katika mji wa Port Louis, Mauritius, kamati ya UNESCO iliiandika mieleka ya ssireum kuwa urithi wa Korea Kusini na Korea Kaskazini kwa pamoja. Kila upande ulikuwa umeleta ombi lake peke yake, kisha yakaunganishwa, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa nchi hizo mbili kuandikwa pamoja. Vita vya mwaka 1950 havijafungwa kwa mkataba wa amani, vilisimamishwa tu. Wanasiasa wamekaa mezani miaka mingi wasipatane. Lakini kitambaa kilichofungwa kiunoni mwa mkulima wa kusini ndicho kilichofungwa kiunoni mwa mkulima wa kaskazini, na jambo hilo hapana aliyeweza kulikana.

Leo treni ya mwendo wa kasi, iliyoanza Desemba 2017, huwafikisha watu Gangneung kutoka Seoul kwa saa mbili hivi, na wageni huja kwa malaki. Hapo pana faida, na pana hatari pia. Sikukuu yaweza kuwa duka. Vijana wa mji waweza kubaki kuwa wauza tiketi katika tambiko la babu zao, na mganga wa tambiko akawa mtu wa kupigwa picha tu. Dawa ya hatari hiyo, kwa maoni yetu, imo katika ule mchele wa kwanza. Maadamu mtu wa Gangneung aendelea kuupeleka Chilsadang kwa mikono yake, wageni watakuwa wageni, na mwenye nyumba atakuwa mwenye nyumba. Siku atakapoacha kuuleta, na pombe ikanunuliwa dukani kwa fedha za matangazo, ngoma zitalia kama kawaida lakini sikukuu itakuwa imekwisha.

Husemwa kwamba mwacha mila ni mtumwa. Huko Gangneung watumwa ndio wasioiacha mila, na kwa hiyo mabwana wao wamesahauliwa majina, lakini mchezo wao wajulikana duniani. Wafanya kazi na wakulima wa nchi yo yote wana haki ya kujivunia jambo hilo. Na walio na wazee nyumbani, wanaokumbuka ngoma isiyochezwa tena, wasingoje mtaalamu aje kutoka mbali. Wakawaulize leo.