Shada la Mwezi wa Agosti

Tarehe 1 Agosti ni sikukuu ya wazazi katika nchi ya Kongo. Asubuhi ni ya wazazi waliokufa, alasiri ni ya wazazi walio hai. Asubuhi watu huchukua majembe na panga, huenda makaburini kuondoa majani, kisha huweka maua. Baadaye hurudi nyumbani, na watoto huwapa baba na mama chakula kizuri na zawadi.

Makobola ni kijiji kando ya Ziwa Tanganyika, katika njia ya kutoka Uvira kwenda Baraka. Huko kazi ya asubuhi ni nzito. Mwisho wa mwaka 1998 na mwanzo wa mwaka 1999, wakati wa vita, mamia ya watu waliuawa kwa siku chache tu. Wengi walizikwa pamoja, hawana kaburi la peke yao. Shada likiwekwa hapo, ni la baba na mama wa watoto wengi.

Basi, shada lifanywe kwa vitu gani? Tarehe 2 Novemba, Wakatoliki wanapowaombea marehemu, mvua imekwisha kurudi na maua ni tele. Lakini Agosti ni kiangazi. Nyasi zimekauka, na upepo wa kusini huvuma ziwani. Maua laini yakikatwa alfajiri, saa sita yamekwisha kunyauka.

Bugenvilia ni bora. Sehemu yake yenye rangi si ua hasa, ni majani membamba kama karatasi; ua lenyewe ni dogo, limo katikati. Kwa sababu hiyo, hata likikauka, rangi yake hukaa siku nyingi.

Duara la shada hufanywa kwa fito mbichi, maana fito kavu huvunjika zikipindwa. Lakini fito mbichi zikikauka hunywea, na kamba hulegea. Fundi mwenye akili hufanya duara siku mbili mbele, kisha hukaza kamba upya. Kamba ya mgomba yafaa sana, ikilowekwa kwanza majini.

Majani ya mchikichi huzungushwa juu ya duara. Yakatwe yale ya chini tu. Watoto wengine hupenda majani machanga ya katikati kwa kuwa ni laini na meupe. Hilo ni kosa kubwa! Mchikichi una kilele kimoja tu cha kukulia. Kikikatwa, mti wote hufa, na jamaa mmoja hukosa mawese yake.

Maua ya plastiki ya sokoni hayanyauki, ni kweli. Lakini upepo huyapeleka ziwani, nayo hayaozi.

Mwisho huokotwa mawe ufukoni, manne au matano, ya kulibana shada lisiruke. Mawe meupe hupendwa zaidi, kwa sababu huonekana kutoka mbali.