Mpira wa pete: Kutua ni stadi ya kwanza kabla ya kufunga

MPIRA wa pete, au netiboli, ni miongoni mwa michezo inayochezwa na wasichana wengi nchini Tanzania, kuanzia mashindano ya shule za msingi ya Umitashumta na ya sekondari ya Umisseta, hadi yale ya watumishi wa Serikali ya Shimiwi. Hata hivyo, wapo watazamaji wanaoudhania kuwa mchezo mwepesi, ambao ufundi wake wote ni kutumbukiza mpira katika pete.

Dhana hiyo si sahihi. Stadi ya kwanza ya mchezo huu ni kutua na kusimama ghafla mpira ukiwa mkononi. Mchezaji asiyefundishwa stadi hiyo ipasavyo anaweza kulipoteza goti lake mapema. Sababu yake imo katika historia ya mchezo wenyewe.

Chimbuko lake

Mwaka 1891, mwalimu James Naismith alibuni mpira wa kikapu mjini Springfield, Marekani, kwa kutumia vikapu vya matunda. Mwaka uliofuata, Senda Berenson, mwalimu wa mazoezi ya viungo katika chuo cha wanawake cha Smith, aliwafundisha wanafunzi wake mchezo huo, lakini akaubadili ulingane na desturi za enzi hizo, ambapo wanawake walivaa sketi ndefu na haikutarajiwa wagombanie mpira kwa nguvu. Aliugawa uwanja katika sehemu tatu, akakataza kupokonyana mpira na akazuia mchezaji kukaa nao kwa zaidi ya sekunde tatu.

Mwaka 1893 mchezo huo ulifika Uingereza, katika chuo cha walimu wa mazoezi ya viungo kilichoongozwa na Martina Bergman-Österberg, London. Baadaye pete zilichukua nafasi ya vikapu, na mwaka 1901 kanuni za kwanza zikachapishwa. Kupitia shule, mchezo ukaenea katika nchi zilizokuwa chini ya Waingereza. Ndiyo maana una nguvu Australia, New Zealand, Jamaica, Malawi na Uganda.

Kanuni za kimataifa zilianza kuwekwa mwaka 1960 katika kikao kilichofanyika Ceylon, ambayo sasa ni Sri Lanka. Mashindano ya kwanza ya dunia yalifanyika mwaka 1963 mjini Eastbourne, Uingereza, na Australia ikawa bingwa. Afrika iliandaa Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza mwaka 2023 mjini Cape Town, ambako Australia iliifunga Uingereza 61-45 katika fainali.

Unavyochezwa

Kila timu huwa na wachezaji saba uwanjani, na mechi huwa na robo nne za dakika 15 kila moja. Herufi zilizo kifuani mwa mchezaji huonyesha nafasi yake na mipaka anayoruhusiwa kufika. Wenye ruhusa ya kufunga ni wawili tu, GS na GA, nao hufunga wakiwa ndani ya nusu duara la goli. Pete huwa na urefu wa mita 3.05 kutoka chini, na haina ubao nyuma yake, hivyo mpira hurushwa juu ili ushukie katikati.

Tofauti kubwa na mpira wa kikapu ni kwamba mchezaji haruhusiwi kukimbia huku akiudunda mpira. Mpira husafiri kwa pasi pekee: ya kifuani, ya begani kwa mkono mmoja, ya juu ya kichwa au ya kudundisha chini. Kanuni ya sekunde tatu ingalipo hadi leo. Beki naye hulazimika kukaa umbali wa mita 0.9 kutoka kwa mwenye mpira.

Hapo ndipo kutua kunapokuwa na uzito. Mchezaji hukimbia kwa kasi, huruka, hudaka mpira akiwa hewani, kisha hutakiwa kusimama. Akitua kwa mguu mmoja, anaweza kusogeza mguu wa pili na kuzunguka, lakini akiuinua ule aliotulia, ni lazima autoe mpira kabla haujagusa tena chini. Mwenzake wa kikapu huimaliza kasi yake kwa kuudunda mpira. Huyu kasi yake yote huishia kwenye kifundo cha mguu na goti.

Goti likikunjika kwa ndani wakati wa kutua, kano iliyo katikati yake, inayoshikanisha mfupa wa paja na wa muundi, inaweza kukatika hata bila mchezaji kuguswa na mpinzani. Jeraha hilo huwapata zaidi wanawake kuliko wanaume katika michezo ya kuruka na kugeuka ghafla. Mara nyingi huhitaji upasuaji na miezi mingi nje ya uwanja.

Kujikinga

Mchezaji hufundishwa kutua taratibu, akikunja magoti na nyonga, goti likielekea zilipo ncha za vidole, kifua kikiwa wima na macho yakitazama mbele. Inapowezekana, atue kwa miguu yote miwili ili uzito ugawanyike. Australia na New Zealand zina programu maalumu za kupasha misuli zinazojumuisha kutua, kusimama kwa mguu mmoja na kugeuka. Tafiti kwa wanamichezo wa kike zimeonyesha kuwa mazoezi ya namna hiyo, yakifanywa mara kwa mara, hupunguza majeraha ya goti.

Kwa shule zenye viwanja vya udongo au saruji, mazoezi hayo hayahitaji vifaa. Mstari uliochorwa chini unatosha: msichana huruka, hutua na kutulia kwa sekunde tatu, huku mwalimu akiyatazama magoti yake kabla ya kumkabidhi mpira.