Tiara ya Bongwe ni somo kamili

Kila mtaala mpya unapoletwa katika nchi hii huja na ahadi ileile: kwamba mtoto atafunzwa kutenda badala ya kukariri. Ahadi hiyo ilitolewa mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka 1985, ukaja na sanaa na kazi za mikono. Ilitolewa tena mtaala wa umilisi ulipoingia rasmi katika madarasa ya mwanzo mwaka 2019. Na kila mara ahadi hufuatwa na lalamiko la wazazi: mtoto amerudi nyumbani na orodha ya vifaa, vifaa havipatikani ila dukani, na mwenye duka hakopeshi. Lalamiko hilo ni la haki. Lakini tiba yake haiko dukani, iko uani.

Nichukue mfano wa Bongwe, kijiji cha Wadigo kilicho upande wa bara wa Ukunda na ufuo wa Diani, katika Kaunti ya Kwale. Pepo za kusi zinapovuma, katikati ya mwaka, watoto wa huko hurusha tiara. Hakuna aliyewanunulia. Fito zake hutoka katika ufagio: chelewa, ule uti mwembamba wa jani la mnazi ambao mama zao hufagilia ua. Karatasi ni gazeti la juzi, na huenda ukurasa huu uusomao ukaishia huko huko. Gundi ni uji wa unga wa ngano uliopikwa hadi ukawa mzito. Uzi ni ule wa kushonea magunia, au kipande cha nailoni kilichomzidi mvuvi. Mkia ni vipande vya leso kuukuu. Zamani mfuko wa plastiki nao ulitumika. Tangu serikali ilipoipiga marufuku mifuko hiyo mwezi Agosti 2017, gazeti limerejeshewa cheo chake.

Kazi yenyewe ina taratibu zake, na hakuna hatua inayorukwa. Fundi huchagua chelewa mbili zilizonyooka, moja ndefu na moja fupi kidogo. Akitaka tiara kubwa, hufunga chelewa kadhaa pamoja ziwe ufito mmoja. Ile fupi huikalisha juu ya ile ndefu, karibu thuluthi moja kutoka nchani, akazifunga zikatane kwa pembe mraba. Kisha hupitisha uzi kutoka ncha hadi ncha mpaka kiunzi kizungukwe chote. Hukilaza juu ya karatasi, akaikata karatasi ikizidi uzi kwa upana wa kidole, akaukunja ukingo na kuubandika kwa uji. Ukikauka, huiweka tiara juu ya kidole kwa ule uti mrefu: ikiinama upande mmoja, hupunguza uzito upande huo mpaka itulie.

Mwisho hufunga nyuzi mbili, moja juu ya makutano ya fito na moja chini yake, zikakutana mbele kwa fundo moja. Katika fundo hilo ndipo uzi mrefu wa kurushia hufungwa, na hapo ndipo penye siri ya kazi yote. Fundo likiwa chini mno, tiara huukabili upepo kifua wazi, ikavuta sana na isipande. Likiwa juu mno, hulala kifudifudi, ikakosa kuushika upepo. Nusu kidole tu hutenga tiara ipaayo na tiara ianguka­yo. Mkia nao si pambo. Upepo huukokota, nao kwa ukinzani wake huizuia tiara isiyumbe na kupinduka.

Mwalimu wa hisabati hana haja ya kuambiwa kilichomo humo. Umbo la pande nne lenye jozi mbili za pande zilizo sawa, lenye nyalo zinazokatana kwa pembe mraba, liko kwenye vitabu vyake. Na kwa Kiingereza umbo hilo limeitwa kwa jina la mchezo huu huu. Mwalimu wa sayansi naye ana uzito, mvuto wa uzi, nguvu ya kuinua na ukinzani wa hewa katika kitu kimoja ambacho hakikugharimu chochote. Wala asidhani kwamba ni mambo ya kitoto. Ndugu wawili wa Marekani, Wilbur na Orville Wright, walianza kuijaribu nadharia yao ya kuongoza mabawa kwa tiara mwaka 1899, miaka minne kabla ya kuruka kwa eropleni yao mwezi Desemba 1903. Marconi aliinua waya wake wa kupokelea mawimbi kwa tiara huko Newfoundland mwezi Desemba 1901, alipotangaza kwamba ameipata ishara iliyovuka bahari ya Atlantiki.

Lakini mimi ni mwalimu wa lugha, na hoja yangu kubwa ni ya lugha. Wanafunzi wetu wamezoezwa kuzipamba insha kwa misemo waliyoikariri: jogoo kawika, jua limechomoza, mtoto kaamka na mapema. Mwambie mwanafunzi huyo huyo aandike jinsi tiara inavyotengenezwa, msomaji asiyewahi kuiona aweze kuifuata hatua kwa hatua. Ghafla lugha humkauka. Utasoma “hiki kitu”, “pale katikati”, “unafanya hivi”. Mikono yake inajua; ulimi haujui. Si kosa lake, kwa kuwa hatujampa fursa ya kutaja alichokishika.

Ilhali maneno yapo, tena kwa wingi. Tuna chelewa, ufito, kiunzi, ukingo, fundo na makutano. Zile nyuzi mbili za mbele zingeweza kuitwa hatamu, neno tulilo nalo tayari kwa ugwe wa kumwongozea farasi. Mabaharia wetu walituachia joshini, upande utokako upepo, na demani, upande uendako. Kusi na kaskazi kila mzee wa pwani anazijua. Jina lenyewe lina mafunzo. Tiara ni neno lenye asili ya Kiarabu, kutoka mzizi wa kuruka, na kwa Waarabu wa leo tayara ndiyo eropleni. Wenzetu wengi wa Tanzania husema kishada, kutoka shada, fungu la vitu vinavyoning’inia pamoja. Mmoja alitazama kinachoruka, mwingine akatazama kinachoning’inia. Waingereza waliona ndege wa jamii ya mwewe, Wajerumani wakaona joka, Wareno wakaona kasuku. Darasa likijadili hayo kwa nusu saa tu, litakuwa limeonja isimu bila kuijua.

Hatari ya kunyamaza inaonekana karibu sana na Bongwe. Katika ufuo wa Diani na Galu kuna mchezo mwingine: wageni husimama juu ya ubao na kukokotwa baharini na tiara kubwa za kitambaa, kwa upepo ule ule wa kusi na wa kaskazi. Vijana wa huko huita chombo hicho “kaiti”. Kaiti ni kazi na mapato. Tiara ni mchezo wa watoto. Upepo ni mmoja na maarifa ni ya ukoo mmoja, lakini yaliyo na jina la kigeni yamepewa heshima na yaliyo na jina la nyumbani yamebaki uani. Mtoto akikua akiamini hivyo, hatapoteza neno tu. Atapoteza imani kwamba anachokijua ni elimu.

Najua wapo watakaosema kwamba muda ni mfupi na mitihani iko mlangoni. Nawauliza: ni zoezi gani jingine litakalofundisha masomo matatu kwa ufagio mmoja? Wapo watakaotaja hatari, nao wana haki. Tiara isirushwe karibu na nyaya za umeme, wala karibu na barabara, wala karibu na kiwanja cha ndege cha Ukunda. Na uzi wake usiwe waya hata kidogo. Hayo nayo ni mafunzo, na mwalimu ayatangulize.

Ninachopendekeza si kikubwa. Mwalimu wa madarasa ya chini, ambako lugha ya eneo inaruhusiwa, awaache watoto waieleze kazi yao kwa Kidigo kwanza. Kamusi ya Kidigo, Kiingereza na Kiswahili imekuwapo tangu 2004. Wale wa madarasa ya juu waandike maelezo kwa Kiswahili, kisha wabadilishane karatasi: kila mmoja aunde tiara kwa kufuata maandishi ya mwenzake, bila kuuliza. Alama zisitolewe na mwalimu. Zitolewe na upepo. Tiara ikipaa, maelezo yalikuwa sahihi. Ikianguka, mwandishi arudi kwenye sentensi yake aitafute kasoro.

Lugha hukua kwa kutumiwa palipo na kazi. Tukishindwa kuieleza tiara kwa Kiswahili, tusijidanganye kwamba tutaieleza eropleni.