Namba, Tarakimu na Makumi

Maneno namba na tarakimu hutumiwa mara nyingi kana kwamba ni kitu kimoja. Katika vitabu vya hesabu vya madarasa ya chini hayana budi kutenganishwa. Namba ni idadi. Tarakimu ni mojawapo ya zile alama kumi za kuandikia, tangu 0 hadi 9. Mtoto aliyesikia "mia tatu na tano" akaandika 3005 hakukosa kuhesabu. Ameandika jinsi alivyosikia: 300, kisha 5. Kilichompotea ni njia ya kutoka katika maneno kwenda katika tarakimu, ambako 3 hupata thamani ya mia tatu kwa nafasi yake tu, na sifuri hushika nafasi ya makumi yasiyokuwapo. Mwalimu anayeliona kosa hili kuwa uzembe humwadhibu bure.

Sasa tumtazame mtoto wa Shinyanga au Geita anayeanza shule akiwa na Kisukuma. Kwao ishirini ni makumi abili, yaani makumi mawili. Jina lenyewe linaonyesha muundo. Kiswahili kilipochukua majina ya Kiarabu, kuanzia ishirini hadi tisini, muundo huo ulifichika: ndani ya sitini hakuna kumi inayosikika. Hata saba ililifunika neno la Kibantu, maana mpungati ya Wasukuma ni ndugu ya fungate yetu, ambayo leo imebakia katika siku saba za arusi. Kenda, kwa bahati njema, tungali nayo sisi na wao.

Hatusemi sitini iachwe. Tunapendekeza mwandishi wa kitabu aweke "makumi sita" kando ya "sitini" na 60, pamoja na picha ya vitita sita vya vijiti kumi kumi, mpaka mtoto azoee kuvuka kutoka hiki kwenda kile.

Mazoea hayo yatamfaa afikapo kwenye desimali. Almasi ya Mwadui hupimwa kwa karati, dhahabu ya Geita kwa gramu. Karati 1 ni gramu 0.2, au sehemu mbili za kumi, au humusi ya gramu. Almasi ya waridi iliyopatikana Mwadui mwaka 1947 ilikuwa na karati 54.5, nazo ni gramu 10.9, uzito ni ule ule. Na mchimbaji mdogo ambaye gramu zake 1.5 zimeandikwa 1.05 katika stakabadhi amepunjwa gramu 0.45, kwa sifuri moja iliyoshika nafasi isiyo yake.